Redio ya Mkunga

Mtaani kwetu Bariadi, mwanaume mzima mwenye ndevu na gari lake aliweza kusimamishwa barabarani na bibi mfupi aliyevaa kandambili, akaambiwa mbele ya watu: "Wewe ulitanguliza miguu. Mpaka leo hujui kuingia mahali vizuri." Na yule mwanaume alijikuna kichwa, akacheka kwa aibu, akasema, "Ndiyo, Mayu." Hakuna aliyebisha. Angebisha vipi? Shahidi alikuwa mmoja tu, na shahidi huyo ndiye aliyemvuta.

Sote tulimwita Mkunga. Tukiwa mbele yake tulimwita Mayu, yaani mama. Jina lake jingine lilibaki kwenye kitambulisho na kwenye daftari la kanisa, na sidhani kama hata yeye alilitumia. Nilipopanga nyumba jirani na yake alikuwa amestaafu siku nyingi. Mimi nilikuwa nafundisha hisabati sekondari. Nilizaliwa Mkula, upande wa Busega, jambo ambalo yeye alilihesabu kuwa kasoro. Nikimwaga chai, nikisahau kufunga geti, nikichelewa kuoa, sababu ilikuwa moja.

"Wewe sikukupokea mimi," alisema. "Sijui walikushika wapi."

Sebuleni kwake kulikuwa na redio. Nasema redio kwa kuwa ndivyo alivyoiita, lakini ulikuwa mtambo: amplifaya nzito kama jiwe la kusagia, deki ya kanda, na spika mbili za mbao zilizomfika kifuani. Aliachiwa na daktari mmoja mgeni aliyemaliza mkataba wake na kurudi kwao. Juu yake alitandika kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe. Kila siku kabla ya kuiwasha alikikunja kuanzia pembeni, polepole, kwa vidole viwili, huku akichungulia chini yake kama anayetaka kujua kilichomo kimelala au kimeamka.

Asubuhi alipiga kwaya. Kuanzia saa saba mchana alipiga rumba, na hapo mtaa mzima ulipata rumba, mpaka kina mama wa mashine ya kusaga upande wa pili wa barabara, waliokuwa wakitikisa ungo kwa mapigo yake. "Asubuhi ni ya Mungu," alisema. "Mchana ni wangu."

Siku moja paroko alipita kumsalimia akakuta rumba inaunguruma. Akauliza kwa upole kama maneno ya wimbo ule yanafaa kwa mama wa kanisa. Mkunga akamwuliza kama anajua Kilingala. Paroko akasema hajui.

"Hata mimi sijui," akasema Mkunga. "Basi sote wawili hatuna dhambi. Kaa unywe chai."

Paroko akakaa. Nilikuwepo. Alikula sahani nzima ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, na mguu wake wa kulia haukutulia hata kidogo chini ya kanzu.

Shida ilianza deki ilipozeeka ikawa inakula kanda. Alizifanyia upasuaji mezani kwa koleo la hospitali na penseli, miwani ikiwa puani, akizungusha utepe ulioliwa nusu. Nyingine zilipona. Nyingi hazikupona, nazo alizizika kwenye kopo la biskuti. Nikaona huruma. Nilipokwenda Mwanza nikarudi na kidude kidogo kama kiberiti, cha kuchomeka nyuma ya amplifaya. Nikamweleza kwamba simu yake, ile aliyotumiwa na bintiye, itarusha muziki hewani na kidude kitaudaka.

"Bila waya?"

"Bila waya, Mayu. Bluetooth."

"Bulutusi," akasema, na tangu hapo mtaa mzima ukaiita bulutusi, mimi pamoja nao. Kisha akainama, akaangalia nyuma ya redio, akapitisha kidole hewani kati ya simu na kidude. "Sasa hii inakula kupitia wapi?"

Kuunganisha mara ya kwanza kulichukua muda. Simu ilitafuta, kidude kikawaka taa ya bluu na kuzima, kikawaka na kuzima. Nikawa nabonyeza na kubonyeza. Akanipiga kofi mkononi.

"Acha kusukuma. Saa yake haijafika."

Tukakaa. Akaangalia saa yake ya mkononi, ile ya wauguzi, akasubiri kama mtu aliyelipwa kusubiri. Baada ya dakika mbili, kutoka kwenye spika zote mbili, sauti ya mwanamke ikatangaza kwa Kiingereza kwamba simu imeunganishwa. Mkunga akasimama.

"Nani huyo?"

"Ni mashine, Mayu. Imerekodiwa."

"Anaongea kama manesi wa zamu waliokuwa wakitoka chuo," akasema. Kisha akaigeukia spika: "Asante, Nesi."

Hakuacha kumshukuru tangu siku ile. Na alipokwenda jikoni na simu mfukoni, ikafika mbali mpaka ikakatika, na yule mwanamke akatangaza kukatika kwenyewe, Mkunga alipiga kelele kutoka kwenye masufuria: "Kaondoka tena! Hakukabidhi zamu! Ndio hawa wa siku hizi!"

Nilipomwonyesha kwamba nyimbo zote alizozika kwenye kopo la biskuti zipo mtandaoni, tena bila mikwaruzo, aligeuka akalitazama kopo lile. Halafu akaniuliza nani anayezitunza huko. Nikasema ni kompyuta, mbali sana. Akasema hao watu wa kompyuta Mungu awabariki, na kama wana watoto, watoto wao pia.

Kuandika kwenye simu hakukumfaa, vidole vyake vilizoea kazi kubwa kuliko ile, kwa hiyo alizitafuta nyimbo kwa kusema. Aliishika simu mbele ya mdomo, akaisalimia kwa Kisukuma, kisha akaisimulia: "Mwadila. Nataka ule wimbo ambao mwanzo gitaa linalia peke yake, halafu wanaume wanaingia wengi." Simu ilimletea mambo yake yenyewe. Mara mahubiri, mara bei ya dengu. Siku moja ilimletea mtu anayefundisha kupika pilau. Akamsikiliza mpaka mwisho kwa spika kubwa, sisi wote mtaani tukisikiliza naye, akasema vitunguu vimezidi.

Na mtandao ulipokuwa mdogo, wimbo ukasimama katikati, hakukasirika kama sisi. Alikwenda akasimama mbele ya redio, akaweka mkono mmoja kiunoni. "Pumua," aliiambia. "Pumua, mama. Usibane." Wimbo ukirudi alinitazama mimi, mwalimu wa hisabati, kwa macho ya mtu aliyeshinda hoja.

Lazima niseme kuhusu siri, maana bila hilo mambo ya Mwenyekiti hayaeleweki.

Mwanamke huyu alifanya kazi kwenye chumba ambacho watu wanasema chochote. Alijua nani alimtukana mumewe, nani alimwita mwanaume mwingine, mume gani alizimia akalazwa kitanda cha pembeni. Watu walijaribu kumchokonoa miaka yote, kwenye misiba, kwenye harusi, kwa soda. Jibu lilikuwa moja: "Muulize mwenye tumbo." Basi. Hata mumewe, nasikia, alikufa bila kuambiwa lolote.

Nikamwuliza siku moja, mbona basi anatangaza barabarani nani alitanguliza miguu na nani alitoka amejifunga kitovu shingoni?

"Mama ana siri," akanijibu. "Mtoto mchanga ana siri gani? Hata nguo hana."

Jirani yetu wa upande wa pili alikuwa Mwenyekiti wa mtaa. Ukuta wa sebule ya Mkunga na ukuta wa chumba chake ulitenganishwa na njia ya kupita mtu mmoja na baiskeli. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kofia ya pama, na aliongea nyumbani kama anavyoongea mkutanoni. Akitaka maji ya kuoga alisema kuna suala la maji. Mkewe, tuliyemwita Mama Mwenyekiti, alikuwa mpole, mnene kidogo, na cheko lake lilikuwa linachelewa kuanza na kuchelewa kuisha.

Katika mkutano mmoja wa mtaa habari ilikuwa mashimo ya barabara. Malori ya pamba kutoka Kasoli yalikuwa yameichimba barabara yetu mpaka pikipiki zikawa zinapita uani kwa watu. Mwenyekiti alikuwa ameazima redio ya Mkunga awape watu muziki wakati wanakusanyika, kisha ahutubie kupitia spika zake, nami ndiye niliyemuunganishia simu yake. Watu wakaja wengi, akafurahi, na mtu akifurahi mbele ya watu wengi hujitafutia matatizo. Akasema, "Halmashauri ikikosa kokoto, wananchi, tutachukua ugali wa mke wangu tuzibe mashimo. Lori halitaubomoa."

Watu wakacheka sana. Mimi pia nilicheka, sitaki kudanganya. Mama Mwenyekiti alikuwa safu ya tatu, na mtungi wa chai ya wajumbe ulikuwa miguuni pake. Aliwamiminia wote chai, akaosha vikombe, na kesho yake asubuhi akapanda bodaboda na begi moja akaenda kwa kaka yake Ngulyati.

Mwenyekiti alituambia amekwenda kusalimia. Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Moshi wa jikoni kwake ukawa unatoka saa za ajabu, tena mweusi.

Jumamosi moja kama saa nane mchana nilikuwa kwa Mkunga nasahihisha madaftari, rumba imefunguliwa mpaka vioo vya dirisha vinanung'unika. Simu yake ikaisha chaji. Muziki ukakatika, Nesi wa Zamu akatangaza kuondoka, Mkunga akamlaumu kama kawaida, akaenda chumbani kutafuta chaja. Hakuzima redio. Hakupunguza sauti.

Sasa kidude kile kilikuwa na tabia ambayo sikuwa nimeifikiria. Simu yoyote iliyowahi kuunganishwa nacho hakikuisahau, na simu ya kwanza ikiondoka, kiliita nyingine iliyo karibu. Nesi akatangaza tena kwamba simu imeunganishwa.

"Asante, Nesi," Mkunga akaitika kutoka chumbani, "lakini mbona bado sijachomeka?"

Kisha spika zote mbili zikakohoa. Kikohozi cha mwanaume, kikubwa kama cha ng'ombe dume, kikafika mpaka mashine ya kusaga.

"Mke wangu," ikasema redio. "Huyu ni Mwenyekiti."

Niliitambua sauti kabla sijaelewa jambo. Kumbe alikuwa chumbani kwake, upande wa pili wa ukuta, amejirekodi ujumbe wa sauti wa kumtumia mkewe, na kabla ya kuutuma alitaka kujisikiliza. Baadaye alisema aliona simu yake imenyamaza, akadhani imeharibika, akawa anaigonga gonga gotini. Sisi ndio tuliokuwa tunasikia.

"Ninayo mambo matatu. La kwanza, nimekosa. La pili, nimekosa sana. La tatu, sijui kupika."

Mkunga akatoka chumbani mbio, chaja mkononi. "Zima! Mwalimu, zima!"

Nilirukia ukutani nikavuta waya. Ulikuwa waya wa friji.

"Jana nimesonga ugali mwenyewe," redio ikaendelea. "Nimempa mbuzi. Mbuzi ameukataa. Amenitazama, mke wangu. Nikafikiri, huyu mnyama ana haki." Hapo sauti ikapasuka. "Nilitaka watu wanicheke vizuri, nikawapa wewe wakucheke. Ulimimina chai. Nilikuona unamimina chai. Nikirudi nyumbani navua kofia na hakuna mtu wa kuniambia nivue kofia. Sina mengine. Naomba kuwasilisha."

Mkunga alipoifikia swichi, ilikuwa imekwisha.

Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa, sijui na nani. Halafu kutoka huko mama mmoja akapiga kigelegele kirefu, akadakwa na wa pili, na nyuma ya ukuta wetu nikasikia mlango wa Mwenyekiti unafungwa na komeo linasukumwa.

Nilitaka kucheka. Nilipomtazama Mkunga nikaacha. Alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo kwenye spika, chaja imelala mapajani.

"Miaka yote ile," akasema. "Miaka yote ile, Mwalimu, hakuna neno la mtu lililotoka kwangu."

"Si wewe, Mayu. Ni kidude."

"Kiko nyumbani kwa nani?"

Akainuka, akaifunika redio kwa kitambaa, akaivuta pembe zake nne zikakaa sawa.

Ilikaa imefunikwa siku tisa. Hakupiga kwaya asubuhi wala rumba mchana. Kina mama wa mashine walitikisa ungo bila mpangilio. Mwenyekiti naye hakuonekana. Ofisi ya mtaa ilifungwa, na watu wenye barua za kugongewa muhuri walikaa kwenye benchi mpaka wakachoka. Habari zilikuwa zimefika Ngulyati kabla ya bodaboda ya kwanza kufika: kwamba amelia kama ndama, kwamba amepiga magoti sokoni, kwamba ameoa mbuzi. Kila mtu alikuwa na lake.

Siku ya kumi Mkunga akavaa kitenge chake cha misa, akaniambia, "Twende. Wewe ndiye uliyekileta."

Mwenyekiti alitufungulia baada ya Mkunga kusema kupitia mlangoni kwamba yeye ndiye aliyempokea akiwa hana chochote mwilini, na hana sababu ya kumwogopa leo. Alikuwa amekonda. Mezani kulikuwa na karatasi imeandikwa kwa kalamu nzuri.

"Ni barua ya kujiuzulu," akasema. "Siwezi kuwaongoza watu walionisikia naongelea mbuzi."

"Mkeo amekujibu nini?" Mkunga akauliza.

"Amejibu nini kuhusu nini?"

"Kuhusu ule ujumbe."

Mwenyekiti akaangalia pembeni. "Sikuutuma, Mayu. Baada ya lile, ningeutuma wa nini? Dunia nzima imeusikia."

"Dunia nzima," akasema Mkunga. "Isipokuwa mwenyewe."

Mbuzi alilia nje, nami nikaangalia sana viatu vyangu.

Mkunga akavuta kiti akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. Sauti yake ilibadilika. Sikuwahi kuisikia ile sauti kabla ya siku hiyo. Ilikuwa ya chini na haikuwa na haraka yoyote, na nilielewa kwa nini wanawake walikuwa wakiitii.

"Baba," akamwambia, "nisikilize. Kichwa kimeshatoka. Unanielewa? Kichwa kimeshatoka. Hakirudi ndani. Nimeona wengi wanataka kufunga miguu hapo hapo ulipo wewe, kwa kuogopa, na hapo ndipo penye hatari. Maumivu makubwa umeshayapita na aibu umeshaipata. Kilichobaki ni mabega tu. Shika simu."

Akashika simu.

"Vuta pumzi."

Akavuta. Nakuapieni, na mimi nilivuta.

"Sasa sukuma."

Kidole gumba cha Mwenyekiti wetu kilishuka juu ya kioo. Ujumbe ukaenda. Akaweka simu mezani kifudifudi juu ya barua yake, akajifuta jasho kwa kofia. Mkunga akampigapiga bega, akaniagiza nichemshe maji. Nilikuwa nimeshafika jikoni nilipotambua kwamba maji hayo hayakuwa na kazi yoyote.

Siku tatu hazikuleta jibu. Mwenyekiti alifungua ofisi, akagonga mihuri bila kusoma. Siku ya nne, mchana, bodaboda ikasimama nje. Mama Mwenyekiti akashuka na begi lake, na kuku wawili wamefungwa miguu. Hakwenda kwake. Aliingia kwa Mkunga.

"Mwadila, Mayu."

"Mwadila, ng'wanone, mwanangu. Karibu ukae."

"Sikai kwanza. Nataka kuusikia ule ujumbe."

"Si umetumiwa?"

"Nimetumiwa. Nimeusikiliza kwa simu, sikioni, peke yangu chini ya kihenge cha kaka yangu. Nataka kuusikia kama watu walivyousikia."

Mkunga akatikisa kichwa. "Redio hii haitangazi mambo ya watu tena. Ilinitia aibu mara moja."

"Mimi nilichekwa kwa spika hizi hizi zilizoazimwa hapa," akasema yule mama, taratibu, bila kupandisha sauti. "Na ujumbe ni wangu. Mayu, si wewe unasema aulizwe mwenye tumbo? Mwenye tumbo ndiye mimi."

Mkunga akaenda kwenye redio, akakikunja kitambaa kutoka pembeni kwa vidole viwili. Nikaiunganisha simu ya yule mama, tukasubiri, taa ikatulia, Nesi akatangaza.

"Asante, Nesi," wakasema wote wawili.

Mkunga akafungua madirisha ya upande wa barabara, yote, akazungusha sauti mpaka mwisho.

Kikohozi kilipotoka, mashine ya kusaga ikazimwa. Watu wakasogea. Mwenyekiti alitoka ofisini kwake na muhuri mkononi, akaja mpaka uani, akasimama hapo akijisikiliza, kofia ameivua. Mama Mwenyekiti alisimama dirishani na kuku wake, uso haubadiliki. La kwanza. La pili. La tatu. Ilipofika kwa mbuzi, nikaona tumbo lake linaanza kutikisika. Cheko lile linalochelewa likaanza kupanda, likafika mabegani, likatoka, na barabara nzima ikacheka naye. Ilipofika kwenye chai akaacha kucheka, akafuta macho kwa pembe ya kanga. Ikaisha. Naomba kuwasilisha.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Ilipoisha mara ya pili akasema tena, "Rudia." Mwenyekiti akainua mkono kutoka uani.

"Jamani," akasema, "kumbukumbu zimeshathibitishwa."

"Bado," mkewe akajibu. "Kuna mjumbe alichelewa." Na akanionyesha kwa kidole mama mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anavuka barabara na debe lake la mahindi.

Tukarudia. Kisha akachukua begi, akamwachia Mkunga kuku mmoja, akavuka ile njia ya baiskeli kwenda kwake. Mumewe alimfuata nyuma amebeba kuku wa pili na muhuri. Jioni ile moshi wa jikoni kwao ulikuwa mweupe.

Mkunga aliniamuru siku hiyo hiyo nikifanye kidude kisahau kila simu isipokuwa yake. Nilipomaliza alinifanya nirudie mbele ya macho yake, halafu akakijaribu kwa kumtembeza Mwenyekiti na simu yake kuzunguka nyumba mara tatu. Rumba ikarudi saa saba mchana. Kuhusu yale yaliyosemwa siku Mwenyekiti alipokuwa amejifungia, watu walimwuliza, nao wakapewa jibu lile lile la siku zote. Mimi nayasimulia kwa kuwa Mwenyekiti mwenyewe huyasimulia, tena kwa kuongeza chumvi, kila akipewa kipaza sauti kwenye harusi.

Nikahamishwa kwenda Lamadi. Huko upepo wa ziwa na harufu ya dagaa vilinichukua miaka mitatu, nikawa nampigia Mkunga simu Krismasi na Pasaka, naye akinijibu kwa kifupi kwa sababu simu ikiwa sikioni haiwezi kupiga muziki.

Mwaka huu nilikwenda Bariadi kwa shughuli ya mitihani, nikapita kwake adhuhuri. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo karibu na spika, amefumba macho, na kichwa chake kilikuwa kinatikisika juu na chini, polepole, kwa mapigo. Akafumbua jicho moja, akaniona, akanionyesha kiti kwa kidevu, akafumba tena.

Nikakaa. Nikasikiliza. Hakukuwa na kitu. Hakuna muziki, hata kidogo. Nilisikia inzi kwenye pazia. Nikamtazama tena, kichwa kinakwenda tu. Masikio yamekufa, nikajisemea, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba redio imenyamaza. Sikuwa nao mimi pia. Basi nikaanza kutikisa kichwa pamoja naye.

"Wimbo mzuri, Mayu," nikasema kwa nguvu, ili anisikie.

Akafumbua macho yote mawili. "Upi?"

"Huu."

"Huu upi?"

"Huu... rumba hii. Ya zamani."

Alinitazama mpaka nikaona joto linapanda masikioni. Kisha mabega yake yakaanza kuruka. "Mwalimu," akasema, "umeme umekatika tangu asubuhi."

Alicheka mpaka akashika mbavu, akafuta macho, na muda wote huo kichwa hakikuacha kutikisika. Hapo ndipo nilipoelewa. Akaona kwamba nimeelewa.

"Ni shingo," akasema. "Ilianza mwaka jana. Inatingika yenyewe. Wamenipa vidonge, nameza, nayo inaendelea." Akainua mkono akijaribu kuituliza, ikatulia, akaachia, ikaanza tena. "Masikio ni mazima. Tena nasikia kuliko wewe. Shida ni kwamba watu wanadhani nakubali. Binti yangu alikuja kuniuliza kama nitahamia kwake Mwanza. Kabla sijafungua mdomo kichwa kikasema ndiyo, akaanza kufunga mizigo. Ilibidi nikishike kwa mikono miwili ndipo niseme hapana."

Nilicheka kwa kuwa alitaka nicheke. Kisha sikuweza tena, nikaangalia pazia.

"Usinifanyie hivyo," akasema. "Ulisema wimbo ni mzuri."

"Nilikuwa nakosea, Mayu."

"Hapana. Wewe unausikia, mimi siusikii. Si haki. Niimbie."

"Mimi sijui kuimba."

"Najua hujui. Imba."

Kwa hiyo niliimba. Nilianza na gitaa kwa mdomo, maana sikujua wimbo uanze wapi, halafu nikaingiza wanaume wengi, nikiwa peke yangu, kwa Kilingala nilichokitunga pale pale. Sauti yangu si ya kusikilizwa na mtu. Nje, hatua za mpita njia zikasimama, kisha zikaondoka haraka. Mkunga alifumba macho na kuegemea spika iliyokuwa baridi.

Nilipofika mwisho nikamwuliza kama niendelee. Kichwa kikasema ndiyo. Nilimchungulia nijue kama ni yeye aliyejibu au ni shingo, nisijue. Nikavuta pumzi, nikaanza tena kwenye gitaa.